Nilivyonyamazishwa na Panki

Salamu kwenu nyote mnaomsifu Bwana, na kwenu pia mliokaa karibu na mlango mkiangalia kama mvua imekatika. Naitwa Masalu, niko kidato cha pili. Mwalimu wa vijana ameniagiza niandike ushuhuda huu kwanza ndipo niusome, kwa sababu nikisimama bila karatasi watu hucheka kabla sijafika kwenye wokovu.

Ndugu zangu, sikuwa mlevi. Bangi sijavuta. Nawaomba radhi wanaopenda shuhuda zenye mambo makubwa. Mimi nilifungwa na mdomo wangu tu.

Nyumbani kwetu tunakula mapanki. Mnayajua, lakini nitaeleza kwa ajili ya wageni. Sangara akifika kiwanda cha samaki anatolewa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, ndicho panki. Mama huyapangia foleni getini, huyaanika juani, kisha huyakaanga na kuyauza kwenye kibanda mbele ya nyumba. Tumeishi hivyo tangu kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi na baba akawa miongoni mwao. Wanasema sasa ni biashara huria. Baba alikuwa fundi wa mashine. Mpaka leo anaamka alfajiri, anavaa koti lake la buluu la kazini, kisha anakaa kibarazani. Akishakaa, zamu imeisha.

Mama huomba kabla ya kila mlo, na maombi yake ni marefu. Ugali unapoa, yeye bado anashukuru. Mimi nilikuwa namjazia kwa sauti ya chini. Akisema, "Asante kwa chakula," mimi naongeza, "na kwa ukoko." Baba mabega yanatikisika. Yeye mwenyewe aliacha kusema amina tangu siku aliyorudi na barua ya kiwanda. Alikuwa anafumbua macho tu na kunawa.

Ijumaa moja, baada ya shule, nilikuja kibandani na Masanja na wenzake wawili. Mama akatuwekea panki moja kubwa. Nikafumba macho, nikainua mikono, nikavuta sauti kama mhubiri wa uwanjani.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa samaki huyu, ambaye wewe peke yako unajua mwili wake uko wapi. Wabariki wanaomla huko aliko. Sisi umetupa ramani yake."

"Ongeza, mtumishi, ongeza," Masanja akasema, machozi yanamtoka.

Nikaongeza, huku natafuna. Mama alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Aligeuza mapanki kwenye karai, kisha akayageuza tena, ingawa hayakuhitaji.

Hapo ndipo mfupa uliponikaa kooni.

Ndugu zangu, sitasema Mungu aliutuma. Nadhani ana kazi nyingine. Mtu anayehubiri na kutafuna kwa wakati mmoja hahitaji kutumiwa adhabu. Walinipiga mgongoni, wakanimezesha tonge kavu la ugali, wakanimezesha ndizi mbivu. Vyote vikapita, mfupa ukabaki. Kwenye zahanati nesi alinimulika kwa tochi, akasema koo limevimba, twende hospitali Jumatatu, na hadi hapo ninywe uji na nisitoe sauti. Mama akamuuliza kama sauti itarudi kama zamani.

"Mara nyingi hurudi, mama," nesi akasema. Mama alitembea njia nzima na neno hilo, "mara nyingi".

Jumamosi Masanja alikuja kunitazama. "Redio imeisha betri?" akauliza. Nikamwonyesha ngumi. Baba alikuwa kibarazani na koti lake. Siku nzima hakuna kilichotikisa mabega yake.

Jumapili mchana mama akaomba kama kawaida. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikiliza maombi yake mpaka mwisho, kwa sababu sikuwa na namna nyingine.

Alimshukuru Mungu kwa yule kijana wa getini aliyemchagulia mapanki yenye vichwa vikubwa. Akashukuru kwa jua la juzi, kwamba samaki walikauka bila kunuka. Akashukuru kwa baba, kwamba yupo, hakwenda machimboni akapotea kama wenzake. Nikadhani amemaliza. Akavuta pumzi.

"Na asante kwa mdomo wa Masalu," akasema. "Wewe unajua, Bwana, tangu yale ya kiwandani, ni huo tu unaomchekesha baba yake. Usiuchukue. Hata akinitania mimi, mwache anitanie."

Ndugu zangu, ni mdomo uleule wa Ijumaa.

Nilitazama chini. Nilipoinua macho, baba alikuwa amechukua kikombe changu cha uji na anakipuliza kipoe. Hakunitazama. Alipuliza muda mrefu.

Jumatatu daktari aliingiza koleo refu, akatoa kitu kidogo kama ukucha uliokatwa. Nimekihifadhi kwenye kiberiti. Nilitaka kukipitisha kwenye viti mkione, mzee wa kanisa amekataa. Nilikuwa nimeandaa neno zito la kwanza kusema. Lililotoka ni "maji", tena kwa kukwaruza. Mama alikaa kwenye benchi akajifunika uso kwa kitenge.

Baada ya siku chache nikaweza kula. Mama akaweka panki mezani, akasema, "Leo omba wewe, ng'wanawane." Ndivyo tunavyosema "mwanangu" kwa lugha ya nyumbani.

Nilijua kuigiza wahubiri watano, lakini kuomba mwenyewe sikujua. Nikasema, "Baba wa mbinguni, asante kwa panki hili. Asante kwa mama aliyelikaanga, anisamehe. Juzi nilisema ni ramani ya samaki. Ni kweli, Bwana, na ndiyo iliyotufikisha hadi leo."

Nikasikia kiti cha baba kinalia. Nikafumbua jicho moja. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahau jinsi neno linavyotamkwa, "Amina."

Kiwanda hakijamwita. Mapanki bado tunakula, na mimi bado natania, mama mwenyewe ameniombea hilo. Ila sasa nangoja amalize kuomba.

Basi nakushukuru, Bwana, kwa koo na kwa kilichopita humo. Nanyi mnaosikiliza, kama mnaona hamna cha kushukuru, mtumainieni yeye na muanze na kilichomo kwenye sahani. Mtajeni na aliyekipika, asikie. Halafu tafuneni polepole.