Shemeji Aliyenitangaza Nimekufa: Maisha ya Maximilian Antoni Ligombi, 1979–2025

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, na majirani mliotoka Ifakara, Lupiro na hapa hapa Idete, poleni sana. Familia imenipa mimi, Fridolin, kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Maximilian, ambaye wengi wenu mlimwita Maksi. Wapo waliouliza kwa nini asisome mtu wa ukoo wake. Wanaojua hawakuuliza. Mimi na marehemu tulifahamiana siku ile aliponitangaza kwamba nimekufa, kwa hiyo familia imeona leo ni zamu yangu. Natamani sana na mimi ningekuwa nakosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 hapa Idete, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Antoni Ligombi na Mama Balbina, ambaye yupo nasi hapa mbele. Wazazi wake waliteremka kutoka Mahenge kufuata mpunga wa bondeni na hawakurudi tena. Utoto wake ulikuwa utoto wa wengi wetu: kuamia ndege shambani tangu asubuhi, kuvua kambale kwenye madimbwi mto unapopungua, na kuchapwa kwa kuchelewa kurudi. Mama Balbina anakumbuka kwamba mtoto huyu alikuwa hakubali karatasi itupwe. Siku zile maandazi yalifungwa kwa vipande vya magazeti ya zamani, naye alivinyoosha juu ya goti akavisoma, mafuta yakiwa yameshapenya kwenye herufi. Kilichomuudhi ni habari kukatika katikati. Kipande kilisema habari inaendelea ukurasa wa tano, na ukurasa wa tano ulishaondoka na maandazi ya mtu mwingine. Alikuwa akizunguka kwa majirani kuuliza nani kanunua maandazi leo.

Alianza darasa la kwanza hapa kijijini mwaka 1987 na kumaliza la saba mwaka 1993. Akasoma sekondari Ifakara hadi kidato cha nne mwaka 1997. Baada ya hapo alikaa nyumbani miaka kadhaa akilima na wazazi, kisha mwaka 2001 akaenda Morogoro kusomea uandishi wa habari ngazi ya cheti. Alirudi mwaka uliofuata na cheti, suruali moja ya kitambaa, na tabia ya kuuliza kila mtu umri wake.

Kazi yake ya kwanza haikuwa habari. Alikuwa kwenye duka la stationery karibu na stendi ya Ifakara, akichapa barua, mitihani na ratiba za mazishi. Wengi wenu mlizikwa na mikono yake, kwa maana ya wazazi wenu. Picha ya marehemu juu, katikati. Jina chini yake kwa herufi nene. Halafu utaratibu wa siku. Alizipanga vizuri mno, hata mji mzima ukazoea kwamba uso wa mtu ukiwa juu ya karatasi, basi huyo ameshatangulia. Baadaye alipeleka habari redioni, na mwaka 2014 yeye na mwenzake Venance wakaanzisha gazeti la mtandaoni, Bondeni Leo, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta mbili na feni lililokuwa likipiga kelele kuliko mashine ya kukoboa. Tulikuwa tunawacheka. Leo ningetoa chochote kulisikia lile feni likiwaka, na Maksi akilifokea.

Sasa nifike kwangu. Tarehe 12 Aprili 2016, mto ukiwa umejaa, mtumbwi ulipinduka na watu wawili wakafariki. Mimi nilikuwa jirani na nyavu zangu, nikafanikiwa kuwatoa watatu wakiwa hai. Nilipelekwa Ifakara kutoa maelezo, na hapo akaja kijana mwembamba mwenye kamera, akanipiga picha. Aliandika habari yake sawasawa. Jina langu lilikuwemo aya ya tano, kwamba mimi ndiye niliyewaokoa wenzangu. Lakini picha yangu aliiweka juu kabisa, chini ya kichwa cha habari kilichosema: "Wawili wafariki mtumbwi ulipopinduka." Haikuwa na maelezo yoyote chini yake.

Mnajua linki inavyotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kinachoonekana ni kichwa cha habari na picha. Aya ya tano haisafiri navyo. Kabla ya adhuhuri uso wangu ulikuwa umefika kwetu Lupiro, na mama yangu, Mama Paulina, alikuwa ameshakaa chini kwenye mkeka. Simu yangu ilikuwa imezimika chaji tangu asubuhi.

Maksi alipopigiwa na mtu wa Lupiro kuulizwa mwili wangu unaletwa lini, ndipo alipofahamu alichofanya. Hakurudi kwenye kompyuta. Alinitafuta mjini mpaka akanipata nakunywa chai, akanikamata mkono bila salamu. "Kaka, panda pikipiki," alisema. "Kwenu wanakulilia." Siku hizo daraja lilikuwa bado, tukavuka kwa pantoni. Humo ndani bibi mmoja aliyebeba kuku aliniuliza kama najua msiba wa Lupiro uko nyumba gani. Nikamwambia naujua, ni kwetu. Akanipa pole. Nikaipokea.

Tulipoingia uani, turubai lilikuwa limeshafungwa na wali uko motoni. Kina mama waliponiona walipiga kelele upya, kubwa kuliko za kwanza, na wengine walikimbia. Mama hakukimbia. Alisimama, akanishika mashavu, akanizaba kofi kwa sababu ya simu, halafu akalia mpaka tukamshika. Aliponyamaza akamtazama Maksi.

"Wewe ndiye mwenye habari?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi. Nimekosa."

Shikamoo hiyo haikujibiwa. Mama alisema tu, "Kaa ule. Chakula kimeshapikwa." Maksi akakaa chini kati ya watu wale, akala wali wa msiba wangu pamoja nami, na machozi yalikuwa yanamdondokea sahanini. Alipokuwa akiondoka alimwambia mama atafanya kazi mpaka mama aamini tena anachokiandika. Mama akamwambia asijisumbue.

Ofisini Venance alimshauri afute habari yote, yaishe. Marehemu alikataa. Alisema linki imeshakwenda kwenye simu za watu. Ukiifuta, atakayeibonyeza hatakuta kitu, na atabaki na ile picha kichwani. Akaiacha linki ileile, akabadilisha kilichomo ndani. Juu kabisa aliandika kwamba gazeti limekosea na Fridolin ni mzima. Picha yangu akaishusha hadi pale ninapotajwa, na jina langu na nilichofanya vikawekwa chini yake. Kisha akaongeza video fupi aliyoirekodi siku ileile uani, mimi natafuna wali. Kila aliyebonyeza kuomboleza alinikuta natafuna. Mpaka leo kuna watu Malinyi wananijua kwa kutafuna tu.

Toka hapo alikuwa mgumu, na vijana waliofanya kazi naye wanacheka wakikumbuka. Picha bila maelezo haikupita. Uso wa mtu hai haukukaa chini ya kichwa cha habari ya kifo. Aya ya kwanza ilipaswa kubeba habari yote, kwa sababu bando la mtu linaweza kukatika aya ya pili. Linki ya habari ya zamani iseme wazi inakokupeleka. Video isijiwashe yenyewe ikala bando la mkulima, anayeitaka ataibonyeza. Alikuwa na kisimu kidogo chenye kioo kilichopasuka, akipanda nacho pikipiki mpaka Uchindile, kwenye mashamba ya miti ambako mtandao unakuja na kuondoka, kuangalia tu kama ukurasa unafunguka. Usipofunguka, alirudi Ifakara akapunguza picha, na Venance akanuna. "Maksi, hili gazeti litabaki maneno matupu kama kanisa la Kwaresima, sanamu zote zimefunikwa," Venance alimwambia. Marehemu alijibu kwamba hata Kwaresima watu wanakwenda kanisani.

Lupiro nako hakuacha kuja. Alikuja kuomba radhi, akaja tena kuomba radhi, na mara ya tatu tukaona radhi zimezidi kosa. Dada yangu Evelina ndiye aliyekuwa akimkaribisha maji. Alimtania kwamba kwenye ile picha kaka yake alitoka vizuri kuliko alivyo, na kumbe utani wao ulikuwa umeshafika mbali. Mshenga alipoletwa, mama alisema, "Alishamuua kaka, sasa anamtaka na dada?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alisema hawezi kumwozesha mtoto wake kwa mtu ambaye maneno yake hayaaminiki, na kwamba yeye hajui kusoma, kwa hiyo huyo mkwe akiandika uongo tena atajuaje.

Marehemu alirudi Ifakara na swali hilo. Baada ya wiki kadhaa kila habari ya Bondeni Leo ikawa na kitufe cha kusikiliza, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, akisoma taratibu, jina la mtu akilirudia mara mbili. Wengi mlidhani ni teknolojia ya kutoka nje. Ilikuwa ni kwa ajili ya mama mkwe. Evelina alimwonyesha mama pa kubonyeza. Siku mama alipokubali posa, marehemu alimwamkia, na safari hii ikaitikiwa, "Marahaba." Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Oktoba 2018, Parokia ya Lupiro, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Posa ilikubaliwa, habari zake zilikuwa bado. Mama alisikiliza, kisha akanituma mimi kwenda kuhakikisha. Ukurasa uliposema maji yamekata njia ya Idete, nilitumwa na baiskeli kwenda kuangalia. Nikaikuta imekatwa, nikarudi na matope mpaka kiunoni. Mama alisema, "Kumbe," akaendelea kupepeta mchele. Bei ya mpunga ikisomwa, nenda kaulize. Mkutano wa wafugaji na wakulima umeahirishwa, nenda kaulize. Nilimlalamikia Maksi kwamba gazeti lake litaniua kweli. Alifurahi sana. Kila nilipotoka kuhakikisha, jioni alinipigia kuuliza, "Mama kasemaje?" Miaka ile sikujua kwamba nilikuwa naishi siku nzuri. Simu ile ya jioni naikosa kuliko ninavyoweza kuwaambia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu. Alitibiwa hospitalini Ifakara, ikaonekana figo zimechoka, akapelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu. Alikwenda na kurudi mara nyingi, akidhoofika. Hata kitandani aliomba simu aone ukurasa wa siku, na akimkuta Venance ameweka picha kubwa alimpigia kumwambia aipunguze. Mwezi Februari mwaka huu alirudi Ifakara akasema sasa anataka kukaa karibu na nyumbani. Alipokea sakramenti zote. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Ifakara, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Evelina.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Balbina, mjane wake Evelina, watoto wawili, Teddy na Beno, ndugu zake wa hapa Idete, Venance, ambaye kwetu ni ndugu, na mama mkwe wake, Mama Paulina wa Lupiro. Niseme la mama huyu kabla sijakaa.

Asubuhi ile ya Jumatatu nilitoka hospitalini nikapanda pikipiki kwenda kumwambia mwenyewe, kwa kuwa ana presha na tuliogopa asikie vibaya. Nilivuka daraja nikiomba niwahi kabla ya simu. Nikajipa na moyo mwingine, kwamba hata kama imewahi, mama huwa haamini. Atabisha. Nitapata muda wa kumkalisha.

Nilimkuta uani, ameshafagia, amejifunga kanga kiunoni, mkeka umetandikwa. Simu ilikuwa juu ya kinu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuniambia ya Maksi."

Nilimuuliza nani amemwambia. Akaonyesha ile simu. "Gazeti lake. Venance amesoma. Amelia katikati, lakini amesoma mpaka mwisho, na jina amelirudia mara mbili."

Nilisimama pale nikisubiri. Mpaka sasa naona haya kusema nilikuwa nasubiri nini. Nilitaka aniambie nirudi Ifakara nikaulize, kama miaka yote. Ningekwenda hata kwa miguu. Mama alisogea kwenye mkeka akanipisha nafasi.

"Kaa, Fridolin," alisema. "Ni kweli."

Shemeji yangu Maksi, Mungu akupokee, ulale kwa amani.