Rulema za Pejo ya Papa Séraphin

Wasikilizaji wapendwa wa Masisi, wa Walikale na popote mnapotusikia, karibuni. Leo tunamkumbuka Papa Séraphin Kanyamibwa, mkulima wa maharagi na mihogo katika vilima vya Masisi, mume wa Mama Carmel Mukamurenzi. Tumemzika wiki hii. Papa Séraphin ametutoka, na motokari yake bado imesimama juu ya matofali.

Motokari gani? Pejo 404 ya kubebea mizigo, mali ya marehemu baba yake. Ndiyo iliyompeleka Mama Carmel kanisani siku ya ndoa, amekaa mbele, shela imejaa vumbi, anacheka. Miaka ikapita, Pejo ikaacha kutembea. Papa Séraphin akaapa kwamba lazima ampeleke tena mke wake kanisani kwa motokari ile ile. Na akiamua kitu, ndugu zangu, huyo papa alikuwa na kichwa kigumu!

Alitengeneza injini. Alitengeneza breki. Yakabaki magurudumu ya mbele. Yalihitaji rulema, vile vyuma vya duara vinavyofanya gurudumu lizunguke, na spi, mpira unaozuia graisi isitoke na matope yasiingie. Rulema na spi tu! Lakini za Pejo 404, siku hizi, utazipata wapi?

Mnajua tunavyofanya huku kwetu. Ukitaka kipuri kutoka Goma, unatuma kile cha zamani kama modeli, muuzaji alinganishe. Rulema ya kushoto ilikuwa imesagika, haifai hata kuonyeshwa. Papa Séraphin akang'oa ile ya kulia, nzima, pamoja na spi yake, akampa dereva wa lori. Hapo ndipo alipokosea. Barabara ya Goma ikafungwa na vita, lori likakwama ng'ambo ya Mubambiro, na modeli ikapotelea huko. Sasa Pejo haikuwa na rulema upande wowote, na yeye hakuwa na cha kumwonyesha muuzaji.

Binti yake, Gentille, ametuambia: "Papa alikuwa anauliza kila mutu mwenye kutoka Goma. Hata padri alimuuliza! Mama akisema, 'Twende kanisa kwa miguu,' yeye anajibu, 'Nenda tu, mimi niko naangalia motokari.'"

Na Mama akaenda. Jumapili baada ya Jumapili alipanda kile kilima peke yake, huku mume wake amelala chini ya Pejo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu alikuwa chini ya Pejo kwa ajili ya huyo huyo mama.

Kisha vita vikafika kwao. Wakakimbilia Kashebere, upande wa Walikale. Mguu wa Mama Carmel ulikuwa umevimba, hawezi kutembea. Jirani yao, Habumugisha, akampandisha kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma anayobebea maharagi. Papa Séraphin hakuwahi kuzipenda chukudu. Aliziita mbao zenye kelele. Njiani gurudumu la mbele likajaa matope, Habumugisha akalifungua alisafishe. Papa Séraphin akainama. Akaona rulema ndani yake. Akaishika, akaijua hapo hapo.

Sikilizeni maneno ya Habumugisha mwenyewe: "Nikamuambia, 'Papa, hii nilitoaka ku Pejo moja ya zamani, ilianguka kule Kashebere. Ziko mbili, kila gurudumu na yake.' Akakaa chini mu matope. Akasema, 'Habu, mimi natafuta mpaka Goma, na yenyewe inapita mbele ya nyumba yangu kila siku ya soko! Juu ya nini hukuniambia?' Nikamujibu, 'Papa, hukuniulizaka.'"

Ni kweli, wasikilizaji. Aliuliza kila mtu, isipokuwa mwenye chukudu.

Habumugisha akamwambia achukue zote mbili wakifika, na spi watakata kwenye mpira wa gurudumu la zamani. Papa Séraphin akakataa. "Acha," akasema. "Hiyo ndiyo inabeba Mama."

Walirudi nyumbani mambo yalipotulia, lakini yeye alirudi na kifua kibaya. Hakuinuka tena. Jumapili zikaja, naye hawezi kwenda kanisani hata kama angetaka. Mama Carmel alibaki naye kando ya kitanda.

Tulimuuliza Mama tumkumbuke mume wake namna gani. Akasema: "Museme alikuwa mubaba muzuri, alinipenda. Yeye alikuwa anatafuta motokari ya kunipeleka kanisa. Mimi nilikuwa natafuta tu mutu wa kukaa pembeni yangu."

Mama Carmel, dada Gentille, na ukoo wote wa Kanyamibwa, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe Papa Séraphin.

Na wewe unayenisikiliza, jiangalie leo. Kama kuna mtu amesimama mlangoni anakwambia twende, usimngojeshe kwa ajili yangu. Zima redio, umfuate.