Mzee Teke, Aliyesema Pole Kabla ya Kupiga

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia naomba mnitegee sikio niwasomee maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye mtaani mlimjua kwa jina la Nyundo, na chuoni vijana wakamwita Mzee Teke.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na kiwanda cha magodoro, baba yetu akiwa fundi bomba mwenye mkono mwepesi, aliyetupiga kwa mkanda, kwa kiatu, na siku moja kwa kipande cha bomba, bila kutamka neno kabla wala baada, hata marehemu akawa anasema ukimya ule ulimuuma kuliko chuma. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akafukuzwa sekondari mwaka 1984 kwa kumvunja taya mwenzake, na mwaka 1986 akaingia kwenye ndondi, mahali ambapo kwa mara ya kwanza watu walimshangilia kwa kupiga.

Tarehe 22 Oktoba 1994 alimpiga mpinzani wake jichoni, likapasuka, na wakati mashabiki wanambeba marehemu juujuu, yule mwenzake alikuwa amepiga magoti kwenye damu yake, akipapasa sakafu kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Asubuhi yake marehemu alikwenda wodini, akasimama mbele ya yule aliyebaki na jicho moja, akasema pole, naye akamjibu, "Pole yako ungeitanguliza." Siku hiyohiyo aligawa glavu zake, akaapa kutompiga tena kiumbe mwenye roho, na kiapo hicho ndicho alichokilinda maisha yake yote.

Alifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1996 na shemeji yetu, fundi cherehani, aliyemkubali kwa sharti kwamba ngumi zibaki nje ya mlango, "hata kwa mende," na wakajaliwa binti na mvulana, ambao hawajui kofi la baba yao linafananaje.

Mwaka 2003 aliajiriwa chuo kikuu kama mlinzi, na mwaka 2022 wanafunzi wa maabara ya roboti wakamwomba msaada, kwani walikuwa wameunda roboti lenye umbo la mtu, kimo cha mtoto wa darasa la sita na uzito wa mfuko wa saruji, ili lipigane ndondi na maroboti ya vyuo vingine. Mashine hiyo, waliyoiita Dogo, ilijifunza kwa vipigo, yaani ilipigwa teke, ikaanguka, ikainuliwa, ikapigwa tena, mpaka ijue kukita mguu na kurudisha ngumi, na mateke ya wanafunzi hayakuwa na nguvu hata ya kutikisa kiti.

Marehemu alifanya kazi hiyo kwa bidii, lakini kila alipoinua mguu alitanguliza neno, "Pole, Dogo," ndipo anapiga, vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jioni shemeji alimuuliza, "Leo umempiga nani?" naye akajibu, "Dogo," shemeji akauliza, "Kaumia?" naye, "Kainuka, kanikasirikia." Baada ya muda Dogo alianza kujikita kabla mguu haujamfikia, maabara nzima ikarukaruka kwa furaha, wakiamini macho yake yamejifunza kuusoma mwili wa mpigaji, ila kwenye mashindano alianguka kama gunia, na wapinzani wakapiga kelele, "Bondia wenu kalala, mfunikeni shuka!"

Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2025, Dogo alipoangushwa tena mashindanoni, marehemu aliingia ulingoni kumwinua, akamsimamisha, akageuka kutoka, mguu ukanasa kwenye kamba, akaanguka magoti, na ukumbi mzima, kwa uungwana, ukasema kwa sauti moja, "Pole!" Dogo alikita mguu, akarudisha ngumi ya kwanza shingoni, ya pili mdomoni, ya tatu ubavuni marehemu akiwa tayari chini anatema meno, na hakukoma hadi Binti Waya, mwanafunzi aliyesimamia masikio ya mashine ile, alipobonyeza kitufe chekundu.

Hospitali walikuta mbavu nne zimevunjika, moja ikiwa imetoboa pafu. Binti Waya alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akasema huku analia kwamba Dogo hakuwahi kuutazama mguu, alisikia neno, na masikio hayo aliyaacha wazi yeye. Marehemu akainua mkono, akasema, "Pole, mwanangu," na binti yule, ambaye kwa miaka mitatu hakulisikia neno hilo kinywani mwake bila teke kulifuata, akafumba macho na kujikunyata. Mkono ulishuka taratibu, ukatua kichwani pake, ukakaa hapo.

Aliaga dunia tarehe 24 Februari, alfajiri, shemeji akiwa amemshika mkono uleule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliolala nasi chini, walinzi wenzake, na vijana wa maabara, hasa wewe binti uliyejificha nyuma kule, sogea mbele ukae na familia. Tangu juzi mmetupa pole nyingi, na tumezipokea zote.

Pole na kazi, kaka. Pumzika kwa amani.