Mama Veneranda na Haidrenjia za Mlangoni

Leo, tarehe 31 Oktoba 1999, Mama Veneranda Pastory anastaafu baada ya kuitunza bustani ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja.

Alikuja kutoka Kasulu na vipandikizi vya haidrenjia ndani ya gunia bichi. Watu wa hapa Kibirizi wakamwambia maua ya milimani hayaliwezi joto la ziwani. Akayapanda penye kivuli, mlangoni pa wodi ya wanawake, akayanywesha maji yaliyooshewa mchele jikoni. Kulia aliweka ile inayotambaa ukutani, isiyopoteza majani mwaka mzima. Kushoto aliweka zile zinazopukutika kila kiangazi zikabaki vijiti, kisha mvua zikija hurudi na vishada vya buluu, vikubwa kama kichwa cha mtoto.

Ashraf, dereva wetu, hakuacha kumtania. Kila Julai alimuuliza, "Mama, kuni zako hazijambo?" Naye humjibu, "Subiri mvua, utakuja kuniomba kishada ukambembeleze mkeo." Na kila Desemba Ashraf aliomba.

Agosti 1996 ua wetu ulijaa watu waliovuka ziwa wakikimbia vita, wakalala hadi bustanini. Asubuhi moja Mama Veneranda alikuta uji unachemka juu ya haidrenjia zake. Kina mama wale hawakuwa na nia mbaya. Waliona vijiti vikavu, na watoto walikuwa na njaa. "Jamani, mmenipikia uji kwa mifupa yangu!" alisema, kisha akaketi, akashika mwiko, akaukoroga usiungue. Lilisalimika shina moja tu.

Tangu hapo, kila kiangazi alilifunga shina hilo kipande cha kitenge, alama kwamba li hai, lisikatwe. Wageni walipoelewa, wakachana kanga zao. Kila aliyepotelewa na mtu njiani alifunga chake. Mama hakumkataza yeyote, ingawa alituambia pembeni kwamba mti huitikia mvua, waliopotea hawaitikii. Kila Novemba shina lilichipua katikati ya vitambaa. Kati ya waliofungiwa, hatumjui hata mmoja aliyerudi. Sisi wafanyakazi ambao nasi tulivuka ziwa hilo zamani tulijua itakuwa hivyo.

Mwaka huu aliomba jambo moja: asiondoke kabla ya mvua, alione shina lake likichipua. Mvua zimekuja mapema. Haidrenjia ya ukutani inang'aa kijani, kama ilivyong'aa siku zile ua ulipojaa watu, tukipitisha maiti mbele yake. Ya kushoto imebaki vijiti. Juzi Mama alilikwaruza gome kwa ukucha, pale ambapo miaka yote alikuta ubichi. Pakavu. Akashuka akikwaruza hadi udongoni. Pakavu.

Hakutaka mtu mwingine aling'oe shina hilo. Jana alifungua vitambaa kimoja kimoja, akavifua, akawarudishia wenyewe waliokuwapo. Visivyo na mwenyewe atakwenda navyo nyumbani kwake Buzebazeba. Kisha akalipasua shina, akawapikia uji watoto walioshuka mtumbwini alfajiri. Ashraf alimshikia sufuria, na safari hii hakuuliza habari za kuni.

Asante, Mama Veneranda, kwa kila chipukizi ulilolingoja kwa ajili yetu. Kapumzike vyema nyumbani kwako. Mungu akujalie kivuli cha kutosha, na mvua inayoitikiwa.