Bi. Gilda Calcaño, Mwalimu Aliyesema kwa Mguu

Baba Paroko, uliyetuazima kipaza sauti kwa sharti la kuwa wafupi, ndugu, majirani, wanafunzi wa zamani na wa juzi, mliopata viti na mliosimama, familia za Calcaño na Verdejo zinawaletea maisha ya mpendwa wetu bila kupunguza kitu, na kwa kuwa mwenyewe yupo hapa mbele anasikiliza, bila kuongeza.

Marehemu Bi. Hermenegilda Calcaño Febres alizaliwa Jumapili, tarehe 13 Aprili 1947, hapa Loíza, mtaa wa Medianía Alta, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu Mzee Eulogio Calcaño, mkwezi wa minazi, na marehemu Bi. Providencia Febres, muuza alcapurria, vile vitafunio vya kukaanga vyenye nyama ya kaa, na jina alipewa kutoka kalenda ya watakatifu, lakini kwa kuwa lilikuwa refu kuliko mtoto, nyumbani walilikata akabaki Gilda.

Alianza shule ya msingi papa hapa Medianía mwaka 1953, akamaliza sekondari mjini Carolina mwaka 1965, ila shule yake ya kwanza hasa ilikuwa uani kwa bibi yake, Bi. Canuta, ambako alicheza bomba, mchezo wetu wa jadi, mbele ya ngoma kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, na bibi akamwambia, "Ukiingia salimia ngoma, kisha sema unachosema kwa mguu, yenyewe itakujibu, na kama huna la kusema toka, watu wana njaa." Hilo la mchezaji kusema kwanza na ngoma kujibu baadaye ndilo alilolishika maisha yake yote, na ndilo lililomponza mtu mmoja aliyeketi safu ya mbele, tutafika kwake.

Mwezi Juni 1965 alisafiri kwenda New York kwa shangazi yake, akapata kazi katika kiwanda cha sidiria eneo la Bronx, ambako kwa miaka minne alishona kikombe cha kushoto tu, jioni akijifunza kucheza kwa walimu wa Haiti, Cuba na Trinidad, na mwaka 1971 akafungua darasa lake katika ukumbi ulio chini ya kanisa, akianza na wanafunzi sita na feni moja mbovu. Huko ndiko alikotunga mchezo wake wa kwanza wa jukwaani, "Sketi Saba," uliochezwa mwaka 1976, na kila hatua aliyofundishwa na wengine alimtaja mwenyewe mbele ya watu, akiwaambia wanafunzi, "Hii ni ya Bi. Altagracia wa Matanzas, ukiicheza bila kumtaja nitakutoa nje kwa sikio, hata kama una mvi."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Novemba 1973, na Mzee Anselmo Verdejo Lanzó, seremala anayetengeneza ngoma kwa mapipa na mpigaji wa ngoma ya kujibu, wakajaliwa watoto wawili, Wilfredo, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1975, na Nereida, tarehe 19 Machi 1978, kisha mwaka 1980 wakarudi nyumbani.

Tarehe 25 Julai 1981, siku ya Mtakatifu Yakobo, mbele ya Loíza nzima, Marehemu alikuwa katikati ya uwanja, pindo la sketi mkononi, anajiandaa kusema, na Mzee Anselmo, kwa kumjua mno mkewe, akapiga jibu kabla mguu haujashuka. Mguu ukabaki hewani, Marehemu akaushusha taratibu, akamwendea akamwambia, "Anselmo, umenijibu kabla sijasema," akatoka uwanjani, na kwa miaka minane hakucheza mbele ya ngoma ya mumewe. Nyumbani waliongea yote, mchele, ada za watoto, goti la mama mkwe, lakini alipofungua shule yake ya ngoma Jumatatu, tarehe 10 Januari 1983, alileta wapigaji kutoka Santurce na Mayagüez, na aliyekwenda kuwachukua kwa gari, na kuwapikia kahawa, ni Mzee Anselmo mwenyewe. Jirani akimuuliza, "We mzee, huoni aibu kuwabeba waliokunyang'anya kiti?" alijibu, "Naona, lakini wanachelewa wakija peke yao."

Kimbunga cha Septemba 1989 kilichukua paa la shule, na kesho yake wanafunzi walipokuwa wanalia juu ya mabati, Marehemu alisimama kwenye matope, akamwonyesha mumewe ngoma kwa mdomo, akasema, "Kaa hapo. Nikiinua kidole, jibu kidole. Nisipoinua, wewe ni nguzo." Akacheza, akajibiwa, shule ikajengwa tena, na kutoka hapo alifundisha watu zaidi ya elfu mbili, akaitwa Bahia mwaka 1994, Cali mwaka 1997 na Port-au-Prince mwaka 2003, popote akienda na mpigaji wake.

Tarehe 9 Mei 2019 Marehemu alipata kiharusi kilichomnyima ulimi na upande wa kulia, na sisi ndugu, kwa mapenzi na kwa haraka zetu, tukaanza kumsemea, mara anataka maji, mara anasikia baridi, naye alikuwa akifumba macho kwa hasira, mpaka Mzee Anselmo akatufukuza chumbani akisema, "Nyamazeni, bado hajasema." Akajifunza kumngoja, nusu saa hata saa nzima, mpaka bega la kushoto liseme lenyewe, na kwa bega hilo, kutoka kwenye kiti, Marehemu alifundisha miaka mitatu zaidi, ngoma ikijibu kila alipolitikisa.

Alilazwa tena tarehe 11 Februari 2024, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 20, kidole chake cha kushoto kiligonga shuka mara moja, Mzee Anselmo akajibu kwa kugonga chuma cha kitanda, kikagonga tena, akajibu, kikagonga ya tatu, akajibu, akainua mkono kungoja ya nne. Daktari aliingia, akamchunguza, akaandika saa kumi na mbili na dakika arobaini, na muuguzi Bi. Yolanda akasema kwa upole, "Mzee, sasa unaweza kushusha mkono," naye akajibu, "Bado hajasema."

Tangu Jumatano wanafunzi wamemsihi aipige ngoma ya kujibu njiani kuelekea makaburini, "Mzee, hata mara moja tu, Mama asikie," naye anawajibu, "Nilishampigia hivyo mara moja, mwaka themanini na moja, mliona matokeo." Jana Nereida alivaa sketi ya mama yake, akasimama mbele ya ngoma akaisalimia, akasema, "Baba, basi nijibu mimi," mzee akakubali. Kwa hiyo Nereida atatangulia jeneza akicheza naye atamjibu, lakini litakapoanza kushuka Nereida atasimama, na mkono wa mzee utabaki juu kama ulivyobaki Jumanne, tunawaomba msidhani amesahau, wala mtu asimguse bega.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Bi. Yolanda kwa namna ya pekee kwa kuuacha mkono ule ujishukie wenyewe, majirani wa Medianía kwa sufuria ambazo hatujui tena ipi ni ya nani, na wapigaji wa Santurce na Mayagüez, ambao leo wamekuja kwa gari lao, wakawahi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Pumzika, Gilda. Safari hii anangoja mpaka useme.