Daktari wa Mkekani na Mumewe Fundi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una paka mapajani, mwache alale. Kama mbwa wako yuko nje, mfungulie aingie, maana habari ya leo inamhusu na yeye.

Tunamkumbuka daktari wa wanyama. Ng'ombe na mbuzi aliwaachia wenzake. Yeye alikuwa daktari wa mbwa na paka, na watu walimwita Daktari wa Mkekani. Kwa nini Mkekani? Chumbani kwake ilikuwepo meza ya chuma, safi, ya upasuaji na ya dharura. Lakini mgonjwa wa kawaida hakupandishwa mezani. Daktari alitandika mkeka sakafuni, akavua viatu, akaketi. Na mwenye mbwa naye aketi. Mwenye suti, mwenye ovaroli, wote chini. Halafu, kabla hajamgusa mnyama, aliuliza: "Nyumbani kuna nini?"

Hakuuliza mbwa ana nini. Aliuliza nyumbani kuna nini. Nani amehama? Nani amegombana na nani? Huku mnaongea, mbwa anawanusa vidole vya miguu, na paka anatoka kikapuni kwa hiari yake. Ndipo Daktari anaanza kumpapasa.

Mama mmoja alimleta paka anayekojoa kitandani. Daktari alipima mkojo kwanza, akaona hakuna ugonjwa. Akauliza nyumbani kuna nini. Kumbe wamenunua mashine ya kufulia, wakaiweka pale pale penye sanduku la mchanga la paka. "Mama," akamwambia, "hata wewe ungekuwa chooni, ukuta ukaanza kunguruma, ungerudi?" Sanduku likahamishwa. Kitanda kikapona.

Msisikie hivyo mkadhani alidharau sindano. Hapana. Chanjo kwake ilikuwa chanjo, na kidonda kilichotaka dawa kilipata dawa. Ila alimtazama mnyama mzima: chakula chake, anapolala, hofu zake, na msimu. Msimu hakuusahau kamwe. Mvua zikianza, alisema kausheni masikio na katikati ya vidole, na mtafute kupe kila jioni. Jua likiwaka, alisema weka kiganja chako kwenye lami. Ikikuunguza wewe, inamuunguza na yeye. Vumbi likija, angalieni macho ya paka. Na baridi ikiingia, ondoeni mbwa wazee kwenye saruji, maana viungo vinakaza.

Sasa wasikilizaji, baridi hiyo hiyo ndiyo iliyomchezea shere.

Mume wake ni fundi cherehani. Chumba cha kazi yake ni kile cha mbele nyumbani kwao. Yeye alimwita mkewe Daktari, hata wakigombana. Mkewe alimwita Fundi. Walikuwa na mbwa, Kifungo, na kila asubuhi Fundi alitoka naye kwenda matembezini.

Mwaka ule Fundi alianza kupoteza macho. Kwanza ilikuwa sindano: uzi haupiti tundu, akawa analipapasa. Akasema ni uzee. Kisha upande wa kushoto ukafifia, kama pazia linavutwa taratibu. Asubuhi moja, wakivuka barabara, baiskeli ilitokea upande huo huo. Hakuiona kabisa. Kifungo ndiye aliyemvuta kamba, na baiskeli ikapita ikimgusa shati.

Tangu siku hiyo Fundi hakutoka tena. Na hakumwambia mtu. Tulipoketi naye wiki hii alitueleza: "Nilijiuliza, fundi asiyeona ni fundi gani? Nilimwogopa mke wangu kuliko upofu. Nilijua akisikia, hatalala." Basi mkewe alipouliza mbona hatembei, akajibu, "Baridi hii, Daktari."

Kifungo alikaa mlangoni. Kila asubuhi alikaa mlangoni akimtazama Fundi, na Fundi akaangalia kitambaa. Siku zikapita. Mbwa akaanza kuacha chakula.

Daktari aliona baridi. Msimu ule alikuwa ametibu mbwa wazee wengi waliokaza viungo, na wa kwake alikuwa mzee. Akampima damu, damu nzuri. Akatazama meno, meno mazuri. Akamkanda nyonga kwa maji ya moto, akamtandikia blanketi juu ya mbao, akampikia supu isiyo na chumvi. Kifungo akainusa, akageuza uso. Mbavu zikaanza kuhesabika. Daktari akawa anapiga magoti pale mlangoni akimbembeleza kwa kijiko.

Na Fundi yuko kwenye cherehani yake, anasikia yote. "Nilijua," alituambia. "Mbwa anakonda, mke wangu anahangaika, na dawa iko mdomoni mwangu. Nikawa nakanyaga cherehani kwa nguvu, nisisikie."

Binti yao, anayesoma mbali, alipiga simu. Mama akamweleza mambo ya Kifungo. Binti akauliza:

"Mama, huyo angekuwa mbwa wa mteja, ungeanzia wapi?"

"Mkekani."

"Umeanzia mkekani?"

"Nyumbani kwangu? Nyumbani kwangu najua kuna nini."

"Ndivyo wanavyosema wote, Mama. Wewe ndiye uliyeniambia."

Daktari alikata simu bila kuaga vizuri. Akachukua mkeka, akautandika katikati ya vipande vya vitambaa, akavua viatu. "Fundi, shuka chini."

"Mimi si mbwa, Daktari."

"Ungekuwa mbwa, ningeshajua una nini. Shuka."

Fundi akashuka, magoti yanalia. Kifungo akaacha mlango, akaja kujilaza katikati yao. Daktari akauliza, "Nyumbani kuna nini?"

"Hamna kitu."

Hakurudia swali. Alimpapasa mbwa tu, akasubiri, kama alivyowasubiri paka waoga wasiotaka kutoka kikapuni. Akasubiri mpaka Fundi akaona aibu ya kunyamaza.

"Nakuona nusu," Fundi alisema. "Nimekaa mbele yako, mke wangu, na upande mmoja wako siuoni."

Daktari hakumgombeza. Alimshika uso kwa mikono miwili, akalia, akasema, "Nilikuwa nampikia mbwa supu." Kesho yake walikuwa hospitali. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda, halirudi. La kulia lilikuwa limeguswa, lakini likawahiwa. Wakapewa dawa ya matone, ya kila siku, ya maisha.

Asubuhi iliyofuata walitoka watatu, Daktari upande wa kushoto wa mumewe. Waliporudi, Kifungo alimaliza bakuli, akalilamba likazunguka jikoni nzima.

Na tangu hapo, jioni kwa jioni, miaka na miaka, Daktari alimshika mumewe kidevu na kumtilia dawa. "Tulia. Usinikwaruze." Binti anasema, "Mama alikuwa na wagonjwa wengi wakorofi. Baba aliwashinda paka wote." Na kazini Daktari hakuficha kosa lake. Mwenye mbwa akisema ni baridi, alimjibu, "Na mimi nilisema hivyo. Ketini kwanza."

Wasikilizaji wapendwa, Daktari wa Mkekani ameaga dunia wiki iliyopita, mchana, kwa ugonjwa wa moyo. Daktari wa mbwa na paka, mke wa Fundi, mama wa binti mmoja. Fundi alikuwa naye. Anasema alivuta kiti chake hospitalini, akakiweka mahali ambapo mkewe alikuwa upande wa jicho zima. "Nilimwona pande zote," alituambia. "Mpaka mwisho, nilimwona pande zote."

Sasa anajitilia dawa mwenyewe. "Nusu inamwagikia shavuni," alisema. "Majirani wakinikuta nimelowa uso, wananiambia, pole, usilie. Nawaambia ni dawa." Akajifuta shavu kwa kiganja. "Siku nyingine ni dawa kweli."

Pole, Fundi. Pole, binti yetu. Poleni ninyi nyote mliowahi kuvua viatu katika chumba kile. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, kama kuna kitu unawaficha watu wa nyumbani kwako ili wasihangaike, jua kwamba wameshaanza kuhangaika, ila hawajui kwa nini. Zima redio. Wapo chumba cha pili. Nenda ukawaambie.