Bi Kaveke Nthiwa na Nzi Wasioijua Dawa

"Badiliko la asidi moja ya amino ni habari ya kitabuni. Nzi ni nzi, na chumba kinahitajika." Maneno haya ni ya Bwana Kilonzo, mwenyekiti wa kamati yetu ya majengo, katika waraka aliobandika mwezi huu kwenye ubao wa kituo chetu cha utafiti wa wadudu. Chumba anachokitaka ni cha Bi Kaveke Nthiwa, ambaye tarehe 30 Juni anastaafu baada ya kufuga nzi wa matunda humo kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati inanuia kuwatupa nzi na kukifanya ukumbi wa mikutano. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wa kumuaga mama huyu. Nitauandika, na Bwana Kilonzo atapata jibu lake humo humo.

Bi Kaveke alifika hapa Matinyani mwaka 1994 akiwa na shahada ya zuolojia na ulimi usiojali cheo cha mtu. Nzi aliokabidhiwa walikuwa wametolewa kwenye maembe ambayo hayakuwahi kunyunyiziwa chochote. Tangu siku hiyo vizazi vyao vimezaliwa na kufa ndani ya vizimba vya chandarua bila kukutana na dawa ya wadudu hata tone. Wakati vituo vingine vilipokuwa vikijisifu kwa kuua nzi, yeye alijisifu kwa kuwatunza.

Utunzaji huo ulikuwa na masharti. Aliyeingia chumbani alinuswa kwanza. Ukinukia dawa ya mbu uliyopuliza nyumbani, ulirudi ulikotoka. Wakurugenzi watatu walinuswa, na mmoja akarudishwa. Bwana Kilonzo pia alirudishwa, mara mbili, na mara ya pili aliambiwa, "Mzee, hata kola yako inaua." Sisemi kwamba waraka wake unatokana na hayo. Nasema tu kwamba hajawahi kukiona chumba anachokizungumzia.

Chakula cha nzi kilikuwa papai zilizoiva kupita kiasi. Wauzaji wa soko la Matinyani walimwekea, na wakampa jina. "Mama Nzi, leo ziko zile zimekufa kabisa," walimwita kutoka mbali, naye akapanga foleni kama wateja wengine, kisha akabishana kuhusu bei ya matunda ambayo hakuna mtu mwingine angeyagusa. Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja akaja kuwalisha, bado amevaa kofia ya kwaya. Mchungaji wake aliwahi kutania madhabahuni kwamba katika ushirika wote ni dada mmoja tu anayefuga pigo la Misri.

Sasa tuje kwenye habari ya kitabuni.

Msimu wa maembe wa 2019, wakulima wa mji wa Wote walinyunyiza dawa na maembe yakaendelea kujaa mabuu. Wakaongeza kipimo mara mbili, mabuu yakabaki pale pale. Dawa walikuwa wameinunua Emali, katika agroveti ya Haroun, mtu ambaye familia yake ilitoka Pwani zamani za reli. Mkulima mmoja, Bi Ndunge, mwenye shamba kubwa na sauti ya kulitosha, alisimama mbele ya duka siku ya soko akatangaza: "Haroun, umetuuzia maji ya bahari. Rudi nayo kwenu Mombasa."

"Kwetu ni hapa, dada," Haroun alimjibu. "Babu yangu amezikwa hapa hapa Emali."

Haikusaidia. Wateja walihama, na mwenye jengo akampa Haroun notisi ya kuondoka mwisho wa msimu. Mtu alikuwa anapoteza duka na jina kwa sababu ya mabuu.

Bi Kaveke alinunua chupa katika duka lile na kuipeleka kwa mkemia. Dawa ilikuwa kamili, haikuchanganywa na kitu. Bi Ndunge aliposomewa cheti cha matokeo alisema, "Mkemia naye amekula hongo." Huo ndio ukweli kuhusu cheti: asiyekuamini hakisomi. Bi Kaveke hakubishana, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Alibeba vizimba viwili hadi uwanja wa soko la Wote. Kimoja kilikuwa na nzi wa chumba chake. Kingine kilikuwa na nzi waliotoka kwenye maembe ya Bi Ndunge mwenyewe. Akampa Bi Ndunge chupa iliyonunuliwa kwa Haroun akamwambia apulize vizimba vyote viwili kwa pampu yake mwenyewe ya mgongoni.

Watu walipomaliza chai, nzi wa Matinyani walikuwa wamelala chali. Nzi wa Bi Ndunge walikuwa wanatembea juu ya chandarua wakijisafisha miguu.

"Kumbe hawa wangu ndio wamegeuka," alisema Bi Ndunge.

"Nimetukanwa msimu mzima kwa kosa la nzi," alisema Haroun. Watu walicheka, na notisi ikaondolewa wiki hiyo.

Walikuwa wamegeuka vipi? Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, vya aina ishirini. Mnyororo hujikunja ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Katika neva za nzi kuna protini yenye kijishimo ambamo ujumbe uliokwisha kufika husafishwa. Dawa ile huingia katika kijishimo na kukiziba. Ujumbe haukomi tena, na nzi hutetemeka hadi afe. Vipimo vilivyofanywa Nairobi vilionyesha kwamba katika nzi wa Bi Ndunge, kwenye mnyororo wenye vipande zaidi ya mia sita, kimoja tu kilibadilika. Penye glaisini, iliyo ndogo kuliko zote, paliketi alanini, iliyoizidi unene kidogo. Kwa kuwa nafasi hiyo iko kando ya kijishimo, umbo lake lilibadilika kiasi cha dawa kukosa pa kushika. Kipande kimoja, Bwana Kilonzo. Kilitosha kuozesha maembe ya Wote na nusura kimtoe mtu dukani kwake.

Bi Kaveke hakupenda pia wale wanaotia chumvi. Wanafunzi waliodai kwamba kila badiliko ni hatari waliambiwa wakae chini. Mabadiliko mengi hayafanyi lolote. Mengine huivunja protini kabisa na mdudu hufa kabla ya kuzaliwa. Hili la Wote lilikaa katikati: protini ilinusurika na dawa, lakini kazi yake ikawa ya pole pole, na nzi wenye badiliko hilo wakawa dhaifu pale ambapo dawa haipo. Hapo ndipo alipoona njia. Aliwashawishi wakulima, Bi Ndunge akiwa wa kwanza, waipumzishe dawa ile, wafukie maembe yaliyoanguka na watundike mitego. Kila msimu alileta nzi wa mashambani na kuwalinganisha na wale wa chumbani. Wenye badiliko wamepungua. Hawajaisha.

Waraka wa kamati unasema tatizo limekwisha, kwa hiyo chumba hakina kazi. Tumejua limepungua kwa sababu ya chumba hicho. Bila nzi wasioijua dawa, siku maembe yatakapooza tena hatutaweza kutofautisha dawa ya uongo na nzi aliyegeuka, na atatafutwa Haroun mwingine wa kufukuzwa.

Bi Kaveke, asante kwa miaka yako na kwa pua yako. Nenda kwenye ndengu zako na wajukuu wako. Mvua za Novemba zisikupite, na papai utakazonunua sasa ziwe nzima, uzile wewe.

Nanyi wajumbe wa kamati ya majengo, mnaokutana Jumanne: ukataeni waraka. Ufunguo mpeni Yvonne, ambaye Bi Kaveke amemfundisha kazi hii na ambaye amekwisha kuanza kunusa watu. Mikutano fanyieni kantini. Na mjumbe atakayetaka kukikagua chumba kabla ya kupiga kura, aoge kwanza, asijipulize kitu, na asimame mlangoni hadi aruhusiwe.